Skeli na Maandishi ya Mchoro: Kipi Hubaki Kweli Karatasi Ikipunguzwa?



Safari hii katika ukurasa wetu wa hisabati tumechagua somo ambalo wengi hulidharau kwa kuliona ni kazi ya mchapaji tu, nalo ni michoro: namna ya kuikuza na kuipunguza inapoingizwa katika maandishi yaliyochapwa, na namna ya kuiandikia herufi na vipimo vyake. Tumelichagua kwa sababu siku hizi kila mmoja wetu ni mchapaji. Mwanafunzi wa kidato cha nne anachapa kazi yake kwenye kompyuta ya steshenari, ustaadh anachapa jaribio usiku ili lifanywe asubuhi, na hapa Mzumbe, penye chuo kikuu na shule, mashine za fotokopi hazipoi. Mchoro mmoja hubadilika ukubwa mara mbili au tatu kabla ya kumfikia msomaji, na kila mara kuna kitu kinachoweza kuharibika pasipo mtu kuona.

Hebu tuanze na ramani, kwa kuwa hapo ndipo maafa yanapoonekana waziwazi.

Tulipata kuona karatasi ya jaribio la jiografia la shule moja, ambayo kuitaja jina hakuna faida. Ilikuwa na kipande cha ramani ya skeli ya 1:50,000, aina ile ambayo kila aliyesoma jiografia ya sekondari ameizoea. Maana ya skeli hiyo ni kwamba sentimeta 1 ya karatasi ni sentimeta 50,000 za ardhini, yaani nusu kilometa. Kwa hiyo sentimeta 2 ni kilometa 1. Kipande chenyewe kilikuwa cha ukubwa wa A3. Kwa kubana matumizi kikapunguzwa kiingie A4, na pale chini maneno "Skeli 1:50,000" yakabaki kama yalivyokuwa, ila yamekuwa madogo.

Swali likauliza umbali wa kwenda moja kwa moja kutoka daraja hadi kituo fulani. Katika ramani ya asili ni sentimeta 14, yaani kilometa 7, na ndivyo mwongozo wa kusahihishia ulivyosema. Mwanafunzi aliyeweka rula yake sawasawa juu ya karatasi aliyopewa alipata sentimeta 9.9, akagawa kwa 2, akaandika kilometa 4.95. Amekosa. Aliyepima vizuri kuliko wote ndiye aliyekosa! Na aliyekisia tu "kama kilometa 7 hivi" kwa kuwa njia ile anaijua kwa miguu, huyo amepata.

Tuangalie ni nini kilichotokea. Karatasi za A zimepangwa kwa hekima: A3 ina milimeta 297 kwa 420, na A4 ina milimeta 210 kwa 297. Ukikata A3 katikati unapata A4 mbili, na umbo ni lilelile. Ndiyo sababu mashine ya fotokopi ina kitufe cha asilimia 71: ukigawa 210 kwa 297 unapata 0.707. Kila urefu umezidishwa kwa 0.707, basi sentimeta 14 zimekuwa 9.9. Skeli ya ramani ile haikuwa tena 1:50,000, bali imekuwa kama 1:70,700, lakini hakuna aliyeiandika.

Eneo ndilo lenye hatari zaidi. Chukua shamba la mkonge lililochorwa kama mstatili wa sentimeta 4 kwa 3 katika ramani ya asili. Ni sentimeta za mraba 12, na kwa kuwa kilometa 1 ya mraba ni sentimeta za mraba 4, shamba ni kilometa za mraba 3. Katika nakala iliyopunguzwa mstatili unabaki na sentimeta za mraba 6, na mwanafunzi anaandika kilometa za mraba 1.5. Nusu ya shamba imepotea ndani ya mashine ya fotokopi, kwa sababu 0.707 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe ni karibu nusu.

Basi hapa pana jambo ambalo tungependa kila mwanafunzi alishike kuliko mengine yote ya ukurasa huu. Maandishi ya mchoro ni ya aina mbili. Ipo aina inayosema habari ya kitu chenyewe: "kilometa 7", "nyuzi 60", "AB ni sentimeta 8". Maandishi haya hayajali ukubwa wa karatasi. Hata ukiipunguza iwe kama stempu, njia bado ni ya kilometa 7. Na ipo aina inayosema habari ya karatasi: "1:50,000", "sentimeta 1 ni kilometa 1", "pima kwa rula". Hii ni kweli kwa ukubwa mmoja tu, na siku karatasi inapopita kwenye mashine inageuka uongo bila herufi hata moja kubadilika.

Dawa ya aina hii ya pili ni ya zamani nayo ni nyepesi: skeli ya mstari. Unachora mstari mfupi chini ya ramani, unaugawa, unaandika 0, 1, 2 kilometa. Ramani ikipungua, mstari nao unapungua pamoja nayo kwa kiasi kilekile. Mwanafunzi anapima umbali kwa ukingo wa karatasi, anauweka juu ya mstari ule, anasoma jibu. Ramani zilizochapwa kwa uangalifu huwa na skeli zote mbili, ya uwiano na ya mstari. Tatizo ni kwamba anayekata kipande ili akitie katika jaribio mara nyingi huukata mstari na kuyaacha maneno, kwa kuwa maneno ni mafupi. Afadhali angefanya kinyume chake.

Sasa tuje kwenye michoro ya hisabati yenyewe, na tuanze na herufi zake.

Mlio madrasa mnayo bahati ambayo wenzenu wengine hawana, kwa sababu mmejifunza abjad. Kitabu cha Euclid cha jiometri kilipofasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika zama za Harun al-Rashid na al-Ma'mun, michoro nayo ilifasiriwa. Wayunani waliziita pembe za umbo alfa, beta, gama, delta. Kwa Kiarabu zikawa alif, ba, jim, dal. Ndiyo sababu katika vitabu hivyo pembetatu ni alif-ba-jim, wala si alif-ba-ta kama mpangilio wa herufi tunaoanza nao chuoni. Al-Biruni naye, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1025 kuhusu kujua mahali pa miji na kuipata kibla ya mji wa Ghazna, alitumia herufi hizohizo katika michoro yake. Kila herufi katika mchoro inarudi katika maneno, na kila herufi ya maneno unaikuta katika mchoro. Mwenye kunakili akiisahau moja, hoja yote inakatika.

Uchapaji ulipokuja ukaleta shida yake. Maneno yalipangwa kwa herufi za risasi, lakini mchoro ulihitaji kuchongwa au kutengenezwa kando. Euclid alipochapwa kwa mara ya kwanza, mjini Venice mwaka 1482, mchapaji Erhard Ratdolt aliiweka michoro pembezoni mwa ukurasa, na watu wakastaajabu kwamba imewezekana. Tangu hapo mchoro na maandishi vimekuwa kama ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali: wanakaa nyumba moja, lakini wamelelewa tofauti. Hata kompyuta haikuwapatanisha mara moja. Mwaka 1977 Donald Knuth wa Marekani aliletewa kurasa za kusahihisha za toleo jipya la kitabu chake, akaona jinsi hesabu zake zilivyopangwa vibaya, akaamua kutunga programu yake ya kupangia kurasa. Ndiyo TeX, iliyoanza kutumika mwaka 1978. Miaka ya 1980 Leslie Lamport akaijengea juu yake LaTeX, ambayo mpaka leo wanahisabati wengi wa dunia huandikia makala zao, nayo ni ya bure.

Turudi kwenye kompyuta ya steshenari. Kuna njia mbili za mchoro kuingia katika waraka, na ni lazima uijue yako ni ipi.

Ya kwanza ni picha. Umechora kwa mkono ukapiga picha au ukaskani, au umechukua picha kutoka mahali. Humo mistari na herufi ni kitu kimoja. Kompyuta haijui kwamba ile ni herufi A, inaona madoa meusi tu. Ukiipunguza picha, herufi zinapungua nayo. Maandishi ya ukurasa ni ya pointi 12, na pointi moja ni kama milimeta 0.35. Ikiwa herufi za mchoro zilikuwa pointi 12 nazo, ukaipunguza picha iwe nusu, sasa ni pointi 6. Halafu karatasi hiyo inapunguzwa tena kwa asilimia 71 ili kurasa mbili ziingie katika moja: zimekuwa pointi 4 na kidogo. Herufi ndogo ya b haijulikani tena kama ni b au ni 6, na mwanafunzi wa dawati la nyuma anapeleka hesabu ya pembe b mahali pa nyuzi 6. Kwa hiyo ukijua kwamba mchoro utapunguzwa nusu, uandike herufi zake kwa pointi 20 ili zitoke 10. Zitaonekana za ajabu kwenye karatasi ya kwanza, usijali.

Ukiikuza picha, shida ni nyingine. Picha yenye upana wa pikseli 600 ikichapwa kwa nukta 300 kwa kila inchi inatoka inchi 2, yaani sentimeta 5, nayo ni safi. Ivute iwe sentimeta 15 na nukta zilezile zimetawanywa mara tatu. Mstari wa mshazari unaota meno kama msumeno, na duara linakuwa kama limekatwa kwa panga.

Njia ya pili ni kuchora ndani ya kompyuta kwa programu inayokumbuka mistari yenyewe: huu ni mstari kutoka hapa hadi pale, hii ni duara ya nusu kipenyo hiki. GeoGebra, aliyoianzisha Markus Hohenwarter mwaka 2001, ni ya namna hii, na mwanafunzi anaipata bila malipo. Kwa wanaotumia LaTeX kuna MetaPost ya John Hobby na kuna TikZ ya Till Tantau. Uzuri wa TikZ ni kwamba ukiiamuru ikuze mchoro mara mbili, inazisogeza nukta na mistari lakini herufi inaziacha kwa ukubwa wake, sawa na herufi za ukurasa. Tunaona kwamba huo ndio uamuzi sahihi. Umbo ni kitu cha kukuzwa na kupunguzwa, ama jina la umbo linatakiwa lisomeke, basi. Mwenye ramani ya Morogoro kubwa ya ukutani na mwenye ndogo ya daftari wote wawili wanaandika "Mzumbe" kwa herufi za kusomeka.

Katika Word kuna mtego wake. Ukichora pembetatu kwa zana zake, ukaweka herufi katika visanduku, kisha ukavifunga vyote pamoja na kuvipunguza, mistari inapungua lakini herufi zinabaki na ukubwa wake ndani ya visanduku vilivyosinyaa. Herufi moja inakatwa kichwa, nyingine inaangukia juu ya mstari, na B iliyokuwa ya pembe ya kushoto inaonekana kama jina la ubavu. Basi amua ukubwa wa mchoro kwanza, weka herufi mwisho.

Na herufi uziweke wapi? Jina la nukta liwe nje ya umbo, karibu na nukta yake, mahali pasipopita mstari. Kipimo cha ubavu kikae katikati ya ubavu huo. Kipimo cha pembe kiwe ndani ya pembe, pamoja na kile kitao kidogo cha kuonesha ni pembe ipi, kwa maana pale penye mistari mitatu inayokutana hakuna ajuaye nyuzi 40 ni za nani. Nukta ziandikwe kwa herufi kubwa, na ubavu unaotazamana na A uitwe a ndogo. Umbo la pembe nne ukiliita ABCD, herufi zifuatane kulizunguka. Ukiruka, anayelifuata jina lako atachora kitu kama kishada kilichopindwa katikati.

Tumebakiwa na kosa moja, ambalo kwetu ndilo baya kuliko yote: kuvuta mchoro upande mmoja. Kishikizo cha kwenye kona ya picha, uwiano ukiwa umefungwa, hukuza urefu na upana kwa pamoja. Kishikizo cha ubavuni hukuza upande mmoja tu. Mtu anataka picha ijaze nafasi iliyobaki, anavuta ubavuni, na duara linakuwa yai. Kupunguza kwa usawa hubadilisha urefu lakini pembe haziguswi: nyuzi 60 hubaki 60. Kuvuta upande mmoja huziharibu pembe zenyewe.

Mara nyingine hufanywa kwa makusudi na ni halali. Chukua mlima wa Lupanga katika safu ya Uluguru, unaoutazama ukiwa Morogoro mjini. Mji uko meta 500 hivi juu ya usawa wa bahari, kilele kinazidi meta 2,100. Tuseme kimo cha kupanda ni meta 1,600 katika umbali wa kilometa 7. Ukichora mkato wake kwa skeli ya 1:50,000 pande zote, unapata upana wa sentimeta 14 na kimo cha sentimeta 3.2 tu, mteremko ni nyuzi 13 hivi. Mlima wetu unaonekana kama tuta la viazi. Wanajiografia hutumia skeli ya 1:10,000 kwa kimo, nacho kinakuwa sentimeta 16, na mteremko katika mchoro unafika karibu nyuzi 49. Hakuna ubaya, almuradi uandike kando ya mchoro kwamba kimo kimekuzwa mara 5. Bila ya maneno hayo, mgeni atadhani watu wa Uluguru hupanda shamba kwa ngazi.

Lakini angalia mchoro wa kibla. Mzumbe iko katika latitudo ya nyuzi 6.9 kusini na longitudo ya 37.6 mashariki, Makkah iko 21.4 kaskazini na 39.8 mashariki. Chukua karatasi ya grafu, nyuzi 1 iwe milimeta 5. Kutoka Mzumbe panda milimeta 141.5, kisha nenda kulia milimeta 11, unganisha. Kipima pembe kitakuonesha kati ya nyuzi 4 na 5 mashariki ya kaskazini. Hesabu kamili ya tufe inatoa jibu la hapohapo, kwa sababu Makkah iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka kwetu. Aliyeko Amerika asiijaribu njia hii. Sasa mtu aupige picha mchoro huo mwembamba, autie katika kijitabu, na auvute upana mara mbili kwa kuwa "unaonekana mwembamba mno". Milimeta 11 zimekuwa 22, na pembe imekuwa karibu nyuzi 9. Fundi akiweka kipima pembe juu ya kijitabu hicho, ukuta wa meta 20 utakwenda upande kwa meta moja na nusu mwishoni. Kiasi gani cha kupotoka kinasamehewa, hilo ni la walimu wetu wa fiqhi, sisi tunazungumzia mchoro. Lau mchoraji angeandika ndani ya pembe ile kipimo alichokipata, fundi angeona kipima pembe chake kinasema jingine, naye angesimama na kuuliza.

Kwa bahati njema mchoro huu una msahihishaji asiyepita kwenye fotokopi. Kila mwaka tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana kwa saa zetu, ambazo ni sawa na za Makkah, na tena tarehe 15 au 16 Julai saa 6 na dakika 27, jua huwa juu kabisa ya Makkah. Simamisha fimbo iliyonyooka mahali tambarare. Kivuli kitaelekea kinyume cha kibla, nawe utalinganisha na mstari wako.

ZOEZI

1. Ramani ya 1:50,000 imepunguzwa kutoka A3 hadi A4, kisha nakala hiyo ikapunguzwa tena kutoka A4 hadi A5. Skeli yake sasa ni ngapi? Skeli ya mstari iliyokuwa na urefu wa sentimeta 4 na kuandikwa kilometa 2 itakuwa na urefu gani, na iandikweje?

2. Pembetatu mraba yenye pande za sentimeta 6, 8 na 10 imechorwa, ule wa 6 ukiwa umelala sambamba na ukingo wa chini wa karatasi. Picha yake imevutwa upana kwa asilimia 150, kimo hakikuguswa. Pima au kokotoa: ni pembe ipi iliyosalimika, na zipi zimebadilika? Ubavu wa 10 sasa una urefu gani?

3. Tafuta latitudo na longitudo ya kijiji cha kwenu, uchore kibla chake kwa skeli utakayoichagua mwenyewe, uandike kila kinachostahili kuandikwa. Kisha ipeleke karatasi yako ikapunguzwe kwa asilimia 71, na ulete zote mbili kwa mwalimu wa hisabati.